MAONI YETU: Mnara wa mlimani usizimwe

Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 ambazo lenyewe lilikwisha kuzitenga kwa ajili ya redio na televisheni za umma kwa miaka 2 ya fedha. Seneti ilipitisha hatua hiyo kwa kura 51 dhidi ya 48, na Baraza la Wawakilishi kwa kura 216 dhidi ya 213. Rais Donald Trump akatia saini tarehe 24. Tarehe 1 Agosti, Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB, ambalo ndilo lililokuwa likigawa fedha hizo kwa vituo, likatangaza kwamba linafunga shughuli zake.

Ubishi wote ulikuwa juu ya vyumba vya habari vya Washington na New York. Nani anaegemea chama gani, mtangazaji yupi alisema nini, mhariri yupi alichuja habari gani. Ni maswali halali, na mwananchi ana haki ya kuyauliza. Lakini wakati wabunge wakirushiana maneno juu ya miji hiyo miwili, bili ilikuwa inaandikwa kwa jina la mtu mwingine kabisa: mkulima wa tumbaku wa Kentucky ya magharibi, mjane anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi katika milima ya mashariki, na mwalimu wa shule ndogo yenye madarasa manne. Hao ndio tunaotaka kuwasemea leo, kupitia mtandao wa televisheni wanaoujua kwa herufi 3: KET.

Msimamo wetu tunausema mapema ili msomaji asipate shida ya kuutafuta. Kufutwa kwa fedha zile lilikuwa kosa. Na jimbo la Kentucky, ambalo maseneta wake wote wawili, Mitch McConnell na Rand Paul, waliunga mkono hatua hiyo katika kura ya mwisho, lina wajibu wa kuhakikisha kwamba hakuna mnara hata mmoja wa KET unaozimika kwa sababu hiyo.

Kwanza tuielewe nchi yenyewe. Ukitoka Pikeville, karibu na mpaka wa West Virginia, hadi Paducah kwenye mto Ohio, ni mwendo wa gari wa zaidi ya kilomita 600, na njiani saa yako itabidi uirudishe nyuma, kwa kuwa jimbo limekatwa na majira mawili. Magharibi ni tambarare: mahindi, soya, tumbaku. Mashariki ni milima ya Appalachia, nchi ya makaa ya mawe, ambako vijiji vimejipanga chini mabondeni, nyumba moja moja kando ya kijito, kuta za mlima zikiwa zimeibana kila upande. Kaunti kama Owsley na Wolfe zimehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa zile maskini kabisa katika Marekani nzima.

Mawimbi ya televisheni husafiri kwa mstari ulionyooka. Hayapindi kona. Mlima ukisimama kati ya mnara na antena yako, umekosa picha. Ndiyo maana zamani katika milima ile watu waliokuwa na uwezo walipandisha antena juu ya kilele na kushusha waya mrefu hadi nyumbani. Asiyekuwa na uwezo alikaa bila. Kituo cha biashara hakikuwa na sababu ya kumfuata, kwa maana kituo cha biashara huishi kwa matangazo, na mwenye matangazo huhesabu vichwa. Bonde lenye kaya 40 halina vichwa vya kutosha. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kuhesabu, hiyo ni kazi yake. Tunasema tu kwamba hesabu yake ilikwisha kufanywa, na jibu lake lilikuwa wazi: huko hapandi mtu.

Aliyepanda ni jimbo lenyewe. Mtu aliyeanza kulisukuma jambo hili ni O. Leonard Press, mwalimu wa utangazaji katika Chuo Kikuu cha Kentucky. Katika miaka ya 1950 yeye na wenzake walirekodi somo la anthropolojia la chuoni likaonyeshwa kwenye televisheni, na watu wakalipenda. Mwanzoni walitaka kituo kimoja tu cha elimu mjini Lexington. Baadaye Press akaja na wazo kubwa zaidi: kwa nini kisiwe kituo cha jimbo zima? Gavana Bert Combs alilisikia wazo hilo, na mwaka 1962 ikaundwa mamlaka ya televisheni ya elimu ya Kentucky. Fedha zikawa ngumu kupatikana. Ilibidi Paul Blazer, mwasisi wa kampuni ya mafuta ya Ashland, atoe fedha zake mwenyewe kununua viwanja vya kujengea minara. Tarehe 23 Septemba 1968 matangazo yakaanza.

Tuzingatie ni wakati gani huo. Aprili 1964 Rais Lyndon Johnson alikuwa amefika kaunti ya Martin, mashariki mwa Kentucky, akaketi kwenye baraza ya nyumba ya mtu asiye na kazi na kuzungumza naye juu ya umaskini, wapiga picha wakiwa wamemzunguka. Novemba 1967 rais huyo huyo alitia saini sheria ya utangazaji wa umma iliyoizaa CPB. Ukizitazama safari ile na sheria ile kwa pamoja, utaona kwamba televisheni ya umma ilikuja vijijini ikiwa sehemu ya vita dhidi ya ujinga na ufukara. Haikuletwa kuwa starehe ya wasomi wa mijini.

Na KET ilianza kwa kazi hiyo hiyo. Mwanzoni ilirusha vipindi vya shule, mchana, siku za masomo. Milimani zilikuwapo bado shule za chumba kimoja, mwalimu mmoja akifundisha watoto wa umri wote. Mwalimu huyo hakuwa na maabara, na pengine hakuwahi kuisoma fizikia. Televisheni iliyowekwa mbele ya darasa ilimletea msaidizi.

Ilipofika 1989 msaidizi huyo alikuwa amekua. KET ilianza kurusha masomo kwa setilaiti, na jimbo likaweka dishi katika shule zake za umma, za mjini na za mashambani. Fizikia, Kijerumani na Kilatini vikafundishwa kutoka studio ya Lexington kwa wanafunzi waliotawanyika jimboni. Kila mwanafunzi alikuwa na kibonyezeo chenye namba. Mwalimu aliuliza swali mbele ya kamera, wanafunzi wakabonyeza majibu, na mwalimu akaona pale pale nani ameelewa na nani ameachwa. Hapo intaneti haijafika vijijini, na karibu miaka 30 kabla ya dunia kuanza kusifu madarasa ya mtandaoni. Shule yenye wanafunzi watatu tu wanaotaka fizikia haiwezi kuajiri mwalimu wa fizikia. Ila ukiwakusanya watatu wa hapa, watano wa pale na wawili wa kule, unapata darasa. Uchumi wa huduma ya umma vijijini uko hapo: kuwakusanya walio wachache mahali pao hadi wawe wengi.

Lakini kama tungetakiwa kuchagua kazi moja tu ya KET ya kuitetea mbele ya bunge lolote, tungechagua nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 KET ilitengeneza mfululizo wa masomo ya kuwaandaa watu wazima kwa mtihani wa GED, ule unaompa mtu aliyeacha shule cheti kinacholingana na cha sekondari. Masomo hayo yalisambaa hadi majimbo mengine.

Fikiria maana yake. Katika miaka ile Kentucky ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyokuwa mkiani kwa elimu ya watu wazima. Wanaume wengi waliacha shule wakiwa wavulana, wakaingia mgodini au shambani. Wanawake wengi waliacha kwa kuolewa mapema au kwa kulea wadogo zao. Mtu wa miaka 40 wa namna hiyo, hata ukimfungulia darasa bure mjini, ana mambo mawili yanayomzuia: umbali, na haya. Hataki jirani amwone ameketi kwenye dawati akijifunza sehemu na desimali, hasa kama jirani huyo ni mke wa mchungaji au bosi wake wa zamu. Televisheni ilimwondolea yote mawili. Jioni, vyombo vikishaoshwa, anaweka daftari la mazoezi juu ya meza ya jikoni, anawasha KET, na mwalimu anamwelekeza hatua kwa hatua. Akikosea hakuna anayemcheka. Akichoka anazima. Siku akiwa tayari, ndipo anakwenda kufanya mtihani. Cheti kile kilikuwa tofauti kati ya kupata kazi na kukosa, hasa migodi ilipoanza kufungwa mmoja baada ya mwingine na maguvu peke yake yakawa hayalipi tena.

Hiyo ndiyo televisheni inayoambiwa leo kwamba haistahili senti ya mlipa kodi.

Kuna upande wa siasa pia, na hapa tunataka kuwa makini, kwa sababu ndipo shutuma zilipolalia. Tangu 1974 KET ina kipindi cha Ijumaa usiku kiitwacho Comment on Kentucky. Waandishi wa habari wa magazeti na vituo mbalimbali vya jimbo hukaa mezani wakayapitia yaliyotokea wiki hiyo: gavana kafanya nini, bunge limekwama wapi, kesi gani inaelekea mahakamani. Aliyekiongoza kwa miongo mingi, hadi 2007, ni Al Smith, mtu aliyetoka katika magazeti madogo ya kila wiki ya mji wa Russellville. Hakuletwa kutoka mji mkuu wa nchi. Alizijua barabara za kaunti, alijua nani ana deni la kisiasa kwa nani. Wanasiasa wa vyama vyote viwili walimwogopa na walimtazama.

Halafu kuna Fancy Farm. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, parokia ya Mtakatifu Jerome katika kijiji hicho cha kaunti ya Graves hufanya karamu ya nyama choma, kondoo na nguruwe, ambayo mizizi yake ni ya 1880. Wagombea hupanda jukwaani kwenye joto la kiangazi, wakahutubia huku upande mmoja wa umati unashangilia na upande wa pili unapiga mayowe kuwazima. Seneta hana pa kujificha pale. Na KET huirusha moja kwa moja jimbo zima, hotuba zote, za chama hiki na chama kile, bila mtu wa kukueleza baadaye kwamba ulichosikia maana yake ni hii. Mtu wa Pikeville anamwona mwanasiasa akitoka jasho upande wa pili wa jimbo, na anajiamulia mwenyewe. Tunawaomba wanaosema televisheni ya umma ni chombo cha upande mmoja watueleze kituo gani cha biashara kinatoa saa nzima nzima kwa hotuba za kijijini zisizo na tangazo la gari hata moja.

Sasa tuje kwenye maafa, kwa kuwa Kentucky imeyaonja. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2021 kimbunga kiliusaga mji wa Mayfield, makao makuu ya kaunti hiyo hiyo ya Graves, na katika jimbo zima watu zaidi ya 70 walipoteza maisha. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Julai 2022, mafuriko yalizoa mabonde ya mashariki, kaunti za Knott, Breathitt, Perry na Letcher, na watu zaidi ya 40 wakafa, wengi wakiwa wamekutwa usingizini. Katika bonde lenye kijito, maji hupanda kwa dakika. Onyo la dakika 10 ni uhai.

Watu wengi hawajui kwamba vituo vya televisheni ya umma vya Marekani hubeba ndani ya mawimbi yao nakala za tahadhari za dharura zinazotumwa kwenye simu za mkononi. Njia ya kawaida inayozipeleka kwa kampuni za simu ikikatika, kampuni hizo zinaweza kuzipokea kutoka kwenye matangazo ya televisheni na kuzisambaza. Mtazamaji haoni chochote. Ni njia ya akiba, na siku ya mafuriko njia ya akiba ndiyo njia. Ukiuondoa mnara mlimani umeondoa na hiyo.

Wapo watakaotuambia kwamba zama za minara zimepita, kila kitu kiko kwenye intaneti. Tunawajibu kwa mradi wa jimbo lenyewe. Kentucky iliamua kujenga mtandao wa nyaya za intaneti kufika kila kaunti, ukaitwa KentuckyWired. Mwaka 2018 mkaguzi wa hesabu za jimbo alitoa ripoti kwamba mradi huo, ulioanza kwa ahadi ya gharama ndogo, ungewagharimu walipa kodi dola bilioni 1.5 kwa miaka 30. Na waya ukishafika makao makuu ya kaunti, bado kuna kazi ya kuupandisha hadi nyumba ya mwisho bondeni, na bado mwenye nyumba analipa ada kila mwezi. Antena ananunua mara moja. Hatupingi intaneti, na tunawatakia watu wale waya ufike kesho. Lakini huduma iliyopo, inayofanya kazi na isiyo na ada, haizimwi kwa ahadi ya huduma ambayo haijafika.

Leo KET ina minara mikuu 16. Matangazo yake hufika karibu pembe zote za Kentucky na humwagikia katika sehemu za majimbo 7 yanayoizunguka. Mnara si kitu cha kusimika na kusahau. Una taa nyekundu za kuonya ndege. Una transmita inayokula umeme usiku na mchana, na viyoyozi vya kuipoza. Una jenereta ya dharura inayotaka mafuta na oili mpya. Barafu ikishika barabara, fundi lazima apande hivyo hivyo. Gharama za mnara wa Hazard, mji mdogo wa milimani, na ule wa jiji la Louisville hazipishani sana. Wanaohudumiwa wanapishana mno. Mtu yeyote anayekagua vitabu kwa jicho la faida atakuambia uzime ule wa Hazard kwanza.

Fedha za CPB zilikuwa zikizuia hilo lisitokee. Zilikuwa ni kiasi cha dola 1 na senti 60 kwa mwaka kwa kila Mmarekani, na zaidi ya asilimia 70 zilikwenda moja kwa moja kwa vituo vya mikoani. Kwa kituo kikubwa cha Boston au New York, chenye wafadhili matajiri na watazamaji milioni kadhaa, kuondoka kwa fedha hizo ni pigo la kuuguza. Kwa kituo cha mashambani ni pigo la mfupa. KYUK ya Bethel, Alaska, inayowahudumia Wayup'ik kwa lugha yao, ilikuwa ikitegemea serikali kuu kwa karibu asilimia 70 ya bajeti yake. Arkansas, jimbo lingine la mashambani, tume ya televisheni yake ya umma ilipiga kura Desemba 2025 kuachana na PBS, mtandao wa kitaifa wa televisheni za umma, kwa sababu ada ya kupata vipindi vya kitaifa imekuwa mzigo usiobebeka. KET ina nafuu: ina fungu kutoka bajeti ya jimbo na ina wachangiaji waaminifu. Lakini uchangishaji una kikomo chake. Huwezi kuwaomba watu wa Owsley wachange kama watu wa Boston.

Hoja moja ya upande wa pili tunaiheshimu. Inasema si haki kumtoza mkulima kodi ili kuwalipa wanahabari asiokubaliana nao. Tunaielewa. Ila sheria ya 1967 ilimkataza mtumishi wa serikali kuelekeza maudhui, na kwa miaka mingi Bunge lilitenga fedha za CPB miaka 2 kabla ya kutumika, kwa makusudi, ili mwanasiasa aliyekasirishwa na kipindi cha jana asiweze kukiadhibu kituo leo. Kinga hiyo ndiyo iliyobomolewa Julai 2025, fedha zilipofutwa baada ya kutengwa. Kama tatizo lilikuwa vyumba vya habari vya mijini, zilikuwapo njia za kulishughulikia: kubadili bodi, kuweka masharti ya uwazi, kuhamisha fedha zaidi kwenda vituo vya vijijini. Bunge halikuchagua hata moja. Limempiga mkulima yule yule lililodai kumtetea.

Hoja nyingine inasema majimbo yalipe yenyewe. Kwa sasa hatuoni njia nyingine, na tunaunga mkono Kentucky ilipe. Tunatahadharisha tu kwamba televisheni inayokula kwenye sahani moja huimba wimbo wa mwenye sahani. Comment on Kentucky iliweza kumkosoa gavana kwa miaka 50 kwa sababu fedha zilitoka pande tatu: jimbo, serikali kuu, na wananchi. Ukibaki na upande mmoja wenye nguvu, lazima uweke sheria ya kuzuia upande huo usishike kalamu ya mhariri.

Jambo hilo la mwisho halihitaji maelezo marefu kwa wasomaji wetu wa Afrika Mashariki, ambao wana mashirika ya utangazaji ya umma yanayotegemea hazina ya serikali na ambao wanajua ladha ya taarifa zao za habari. Wala faida ya elimu kwa njia ya matangazo haihitaji maelezo. Mwaka 2020 shule zilipofungwa Kenya, masomo yalipelekwa kwa redio ya KBC na kwa televisheni ya elimu ya KICD. Walionufaika ni wale waliofikiwa na mawimbi. Wengine walikaa nyumbani bila somo, na pengo hilo walimu walilikuta shule zilipofunguliwa. Tanzania vipindi vya Ubongo Kids, vilivyoanza kuonekana TBC1 mwaka 2014, vimewafundisha hesabu watoto wengi kwa Kiswahili chao. Tunajua kitu hiki kinafanya kazi. Swali lililobaki kila mahali ni nani analipia kufika kwa yule wa mwisho.

Na Kentucky yenyewe si ugenini kwetu kama inavyoonekana kwenye ramani. Lexington na Louisville zina maelfu ya wakimbizi kutoka Kongo ambao lugha ya nyumbani kwao ni Kiswahili. Watoto wao hufika bila Kiingereza, na katika shule za Lexington Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana baada ya Kiingereza. Familia iliyofika juzi, baba anafanya zamu ya usiku na mama ya asubuhi, haina fedha za vifurushi vya televisheni ya kulipia. Ina antena ya bei rahisi dirishani, na kwenye antena hiyo kuna chaneli ya watoto ya KET inayoonyesha vipindi saa 24 bila tangazo la soda wala la pipi. Mtoto anajifunza herufi, anajifunza kuhesabu, anasikia Kiingereza kinachosemwa taratibu. Mwezi Mei 2025, kabla hata ya kura ya Julai, serikali kuu ilikuwa imeshakatisha ruzuku ya Ready To Learn iliyosaidia kutengeneza vipindi na mafunzo ya namna hiyo kwa watoto wa familia za kipato cha chini.

Bunge la Kentucky hupitisha bajeti ya miaka 2 kwa wakati mmoja, katika miaka kama 2026, 2028 na kuendelea. Tunalitaka lifanye mambo matatu kwa wakati huo huo: lizibe pengo lililoachwa na CPB, lifungie fedha za uendeshaji wa minara katika fungu lisiloguswa kwa matumizi mengine, na liandike katika sheria kwamba gavana wala kiongozi wa bunge hana mamlaka juu ya kipindi chochote. Maseneta McConnell na Paul tunawataka waende Hazard na Pikeville wawaeleze wapiga kura wao, uso kwa uso, kwa nini walipiga kura ile.

Na ninyi wasomaji wetu mlioko Lexington na Louisville: wawakilishi 100 na maseneta 38 wa jimbo hukutana Frankfort, mji mkuu wa jimbo, na kila mmoja wenu anaye wake, awe raia au bado. Mwandikieni. Tumieni Kiingereza mlicho nacho, au mwombeni mtoto wenu awaandikie. Mwelezeni watoto wenu wanatazama nini jioni, na kwamba mnataka waendelee kukitazama.